Mayai ya majini na sosi ya holandezi

Dada yangu, umeuliza hapa Lamu utapata wapi mayai yaliyopikwa majini bila ganda, yenye sosi ya holandezi, ile nzito ya viini vya mayai, siagi na ndimu, na kwa nini sosi yako hukatika. Anza na hoteli za wageni kule Shela. Uliza kama sosi imepigwa asubuhi hiyohiyo, maana haifai kulazwa. Ila mimi ningekushauri upike mwenyewe.

Holandezi huharibiwa na moto mwingi, kama tui. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka tu, yasiliguse. Piga viini 3 na kijiko cha maji mpaka viwe vizito kidogo, kisha tia siagi iliyoyeyuka, kama gramu 150, mwanzoni tone kwa tone. Iwe siagi ya maziwa hasa, tafadhali, si majarini. Malizia kwa ndimu na chumvi. Ikikatika usiitupe: piga kiini kipya kwenye bakuli safi, uirudishie humo polepole.

Mayai yawe mapya kabisa. Ya zamani ute wake husambaa majini. Tia siki kidogo, maji yasitokote kwa nguvu, na baada ya dakika 3 yaopoe.