Usiandike barua ya kuacha kazi kabla viza haijatoka

Barua ya ajira mpya ilinifikia Jumanne. Ijumaa ya wiki hiyohiyo nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, nimeitia saini na kumkabidhi bosi mkononi. Furaha ilinizidi akili. Mwenye nyumba nilishamwambia natoka, marafiki nilishawaaga, na droo za meza yangu ofisini nilikuwa nazipunguza kila jioni kidogo kidogo, kama mtu anayehama kwa siri.

Viza ilitoka baada ya wiki 14. Notisi yangu ilikuwa wiki 4.

Hizo wiki 10 za katikati ndizo zilizonifunza karibu yote nitakayosema hapa. Nilikuwa na barua mbili, ya kuondoka na ya kwenda, na hakuna hata moja iliyoweza kulipa kodi ya nyumba. Miaka kadhaa baadaye nilihama tena, kutoka nchi ile ya pili kwenda ya tatu, na safari hiyo nikaipindua ratiba nzima: karatasi kwanza, viza ikafuata, barua ya kuacha kazi ikaja mwisho kabisa.

Nisichokijua mara ya kwanza ni kwamba kazi haikupi mshahara tu, inakufanya uaminike. Ukiwa bado kazini, benki inakujua, bima inakujua, ubalozi ukipiga simu ofisini kuna mtu anapokea na kusema ndiyo, huyu ni wetu. Ukiomba barua asubuhi, jioni unayo. Ukishatoka, ombi lilelile linageuka fadhila, na anayeombwa fadhila hana haraka.

Tuanze na barua ya ajira yenyewe. Isome mpaka chini. Nyingi zina kifungu kinachosema ajira itaanza iwapo utapata kibali cha kazi. Yaani kibali kikikataliwa, mwajiri mpya hana deni lolote kwako, na wewe kule ulikokuwa ulishaaga. Yangu ilikuwa na kifungu hicho ukurasa wa pili. Mimi niliishia ukurasa wa kwanza, penye mshahara. Mara ya pili niliomba kitu kimoja tu kibadilishwe: badala ya kutaja tarehe ya kuanza, waandike kwamba nitaanza wiki 8 baada ya kibali kutoka. Walikubali bila hata kuuliza. Waajiri wanaochukua watu kutoka nje wameshazoea kusubiri. Wenye papara ni sisi.

Bosi wa sasa je, umfiche? Wapo wanaosema usimwambie mpaka siku ya mwisho. Sikubaliani nao, ila sikushauri umtangazie kila hatua. Baadhi ya viza hudai barua kutoka kwa mwajiri uliye naye, na hapo hutakwepa. Mwambie kwa mdomo, mkiwa wawili, kabla hajasikia kwenye korido. Barua ya kuacha kazi yenyewe iwe fupi: unaacha nafasi gani, siku yako ya mwisho ni lini, utakabidhi kazi kwa nani, na shukrani. Malalamiko ya miaka yote yaache nyumbani. Wahenga walishasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na uzazi wangu ulirudi miaka mitatu baadaye, nilipotakiwa kuleta uthibitisho wa kazi zote nilizowahi kufanya. Aliyetakiwa kuusaini ni bosi yuleyule.

Hesabu za notisi uzifanye kwa kalamu. Je, siku zinaanza kuhesabiwa ulipoandika barua au ilipopokelewa? Ni siku za kalenda au za kazi? Likizo ambayo hukuchukua italipwa, au watakuambia uichukue ndani ya notisi? Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 132 wa mwaka 1970 unaosema anayeacha kazi apewe likizo kulingana na muda aliotumikia, au alipwe badala yake, lakini unazibana nchi zilizouridhia tu. Kwa hiyo soma sheria ya kazi ya nchi uliyopo pamoja na mkataba wako, kisha nenda kwa afisa utumishi ukiwa unajua unachouliza. Uliza pia kuhusu mkopo wa kazini kama unao, na mafunzo waliyokulipia. Mara nyingi vyote viwili hukatwa kwenye malipo ya mwisho, na malipo hayo ndiyo wewe ulikuwa unayahesabia nauli.

Sasa karatasi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia zaidi.

Cheti changu cha utumishi cha kwanza kilikuwa na mistari mitatu. Kilisema nilifanya kazi pale kwa miaka minne na kwamba nilikuwa mtu mwenye ushirikiano mzuri. Nilikiona kitamu sana wakati ule. Ofisi ya uhamiaji haikuhitaji kujua kama nina ushirikiano. Ilitaka tarehe ya kuanza na ya kumaliza, cheo, majukumu niliyoyafanya hasa, saa za kazi kwa wiki, mshahara, jina na mawasiliano ya aliyesaini, yote kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi. Kanada, ambayo huwachagua wahamiaji wengi wenye ujuzi kwa alama, inadai karibu orodha hiyohiyo. Nilipoandika kuomba barua nyingine, niliambiwa afisa utumishi aliyesaini ile ya kwanza naye ameshaacha kazi, na aliyekuja baada yake hanifahamu. Ilichukua wiki 6.

Kwa hiyo andika rasimu mwenyewe. Orodhesha majukumu yako kwa ukweli, mpelekee bosi, mwambie airekebishe anavyotaka. Wengi hushukuru kuondolewa mzigo huo. Kisha omba nakala tatu halisi zilizosainiwa kwa kalamu, maana iliyoskaniwa haifiki mbali. Ukitakiwa kuithibitisha barua hiyo kwa matumizi ya nje, nchi zilizo kwenye Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 hutumia cheti kimoja kiitwacho apostili. Ikiwa nchi mojawapo kati ya mbili zako haimo, jiandae kwa mlolongo wa mihuri inayoishia ubalozini. Na barua ya kampuni binafsi kwa kawaida hupita kwanza kwa wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati, ndipo ipate apostili. Yote haya hufanyika katika nchi ilikotoka hati, si unakokwenda. Ukiwa umeshapanda ndege, utamtuma nani?

Hati ya polisi ya tabia njema ina mtego wake. Ofisi nyingi hutaka iliyotolewa miezi michache tu iliyopita, hivyo ukiwahi sana itakuchachia mkononi, na ukichelewa utajikuta unaiomba ukiwa nchi nyingine, kwa alama za vidole za kutuma kwa posta. Mimi huiomba siku ninayowasilisha maombi ya kibali, sio kabla. Pasipoti iangalie leo hii. Nchi nyingi zinataka iwe na uhai wa miezi 6 zaidi, na kuibadilisha katikati ya maombi ya viza ni kujitafutia balaa.

Slipu za mshahara nazo zipakue mapema. Zangu zilikuwa kwenye mfumo unaofunguliwa kwa barua pepe ya ofisi, na barua pepe ya ofisi ilifungwa jioni ya siku yangu ya mwisho. Mwenye nyumba wa nchi mpya alichotaka kuona ni slipu tatu za mwisho. Nilimwonyesha barua ya ajira. Akaniambia kwa upole kwamba hiyo ni ahadi.

Lakini kisa kinachonichekesha mpaka leo ni cha simu. Siku ya makabidhiano nilikaa mbele ya kijana wa ofisini mwenye karatasi ya orodha. Kitambulisho, tiki. Laptopu na chaja yake, tiki. Ufunguo wa kabati, tiki. Simu ya ofisi, tiki. Nikasaini, tukapeana mikono, nikashuka ngazi nikiwa mwepesi kama karatasi. Ghorofa ya chini nikasema ngoja niangalie kama malipo yangu yameingia. Nikafungua programu ya benki kwenye simu yangu, ikaniambia imetuma namba ya siri kwenye namba yangu iliyosajiliwa. Namba hiyo ilikuwa kwenye droo, ghorofa ya nne. Nikapanda. Yule kijana akaitoa simu, akaiwasha, ikachukua muda wake kuamka kama kawaida yake, na ilipoamka namba ya siri ilikuwa imeshaisha muda. Tukaomba nyingine. Alikuwa ameninunia, na haki yake.

Miaka minne nilikuwa nimeitumia namba ya ofisi kwa benki, kwa barua pepe yangu binafsi, hata kwa daktari. Fanya kazi hii miezi miwili kabla: kaa chini jioni moja, pitia kila akaunti, hamishia kwenye namba na barua pepe zako mwenyewe. Namba utakayoichagua hakikisha itaishi ukiwa nje. Uliza kampuni ya simu laini inakatwa baada ya muda gani bila kutumika, maana ikishakatwa inaweza kupewa mtu mwingine, na huyo ndiye atakayekuwa anapokea siri zako. Picha zako binafsi zitoe kwenye laptopu ya ofisi. Nyaraka za ofisi ziache, hata ile uliyoiandika mwenyewe usiku kucha. Sio yako.

Bima ya afya: uliza inakoma siku ya mwisho ya kazi au mwisho wa mwezi. Yangu ilikoma siku ya mwisho, na jino langu likavunjika siku 9 baadaye. Sina la kuongeza. Kamilisha matibabu ungali na kadi, omba rekodi zako za hospitali, na kama una dawa za kila siku, daktari aandike jina la dawa yenyewe, sio la biashara, kwa sababu majina ya biashara hubadilika ukivuka mpaka. Kama umeshachanjwa homa ya manjano, cheti chako hakiishi muda. Tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa za afya zinakitambua maisha yako yote.

Mafao ya hifadhi ya jamii yana kishawishi kikubwa, hasa siku ukiwa na njaa ya nauli. Baadhi ya mifuko hukuruhusu kuchukua fedha zote unapohama nchi. Kabla hujasaini, uliza kama nchi unayoiacha na unayoiendea zina makubaliano ya kujumlisha miaka ya michango. Marekani, kwa mfano, hutaka pointi 40, ambazo ni kama miaka 10 ya kazi, ndipo upate pensheni ya uzeeni. Mwenye miaka 7 huko hana kitu, isipokuwa kama makubaliano yanamruhusu kuongezea miaka ya nchi nyingine. Ukishatoa fedha, mara nyingi umeifuta na miaka. Sikushauri kuchukua au kutochukua, nakushauri ujue namba yako ya uanachama, upate taarifa ya michango iliyochapwa, na uihifadhi kama cheti cha kuzaliwa.

Kodi ya mapato nayo iangalie, hasa ukihama katikati ya mwaka. Nchi nyingi hutumia kipimo cha kukaa nchini siku 183 ndani ya mwaka kuamua kama wewe ni mkazi kwa ajili ya kodi, na unaweza kujikuta una maswali ya kujibu pande zote mbili. Omba cheti cha kodi iliyokatwa. Na akaunti ya benki ya zamani usiifunge mpaka malipo ya mwisho yaingie.

Kuhusu akiba, watu huniuliza niende na miezi mingapi. Hesabu kutoka mshahara wa mwisho hadi mshahara wa kwanza, usihesabu kutoka siku ya safari. Mimi nilidhani nitakaa wiki 2 bila kipato. Ukijumlisha kungoja viza na mwezi mzima wa kazi kabla ya kulipwa, ilikaribia miezi 4, na juu yake amana ya nyumba mpya.

Kuna jambo moja halina karatasi. Ukishatoa notisi, ofisi inaanza kukuzoea kama uliyeondoka. Vikao vinakupita, watu wanaacha kukuuliza, na wewe bado upo, unakunywa chai peke yako, kama mgeni aliyeaga asubuhi na jioni bado yumo sebuleni. Mara ya kwanza niliona ni dharau. Mara ya pili nilizitumia siku hizo kuandika maelezo ya kazi yangu kwa atakayekuja: faili zipo wapi, nani wa kumpigia mfumo ukigoma, mteja gani huwa anachelewesha malipo. Alinipigia mara moja tu.

Siku hiyo ya mwisho ya mara ya pili, orodha ilikuwa ileile, kitambulisho, laptopu, ufunguo. Kabla ya kusaini nilimwomba yule dada wa utumishi dakika mbili. Nikafungua programu ya benki pale pale mbele yake, namba ya siri ikaingia kwenye simu yangu, nikaiandika, salio likafunguka. Akaniuliza kama nina wasiwasi malipo hayajaingia. Nikamwambia hapana, ni ngazi tu, sitaki kuzipanda tena.