Corolla 110 inazimika kila mara: usinunue pampu ya nne kwanza

Mkuu pole sana, Corolla 110 ya mwaka 98 kubadilishwa pampu ya mafuta mara tatu na filta juu na bado inazimika ikipata moto, hapo mimi siamini kwamba pampu zote zilikuwa mbovu, kuna kitu kinaziua.

Anza na tenki. Mwambie fundi alishushe mbele yako, mafuta ayamimine kwenye ndoo nyeupe yatulie kidogo, ukiona unga mwekundu chini hiyo ni kutu, inaziba kile kichujio cha kitambaa kinachokaa kwenye mdomo wa pampu, pampu inavuta kwa shida mpaka inaungua. Na acha kabisa kutembea na taa ya mafuta kidogo ikiwa imewaka, pampu inapozwa na mafuta hayo hayo!

Pili umeme. Weka mita ya volti kwenye soketi ya pampu injini ikiwa inaunguruma, kama betri inasoma volti 14 na huku nyuma unapata 11 basi fuata waya, rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye pampu) na athi (waya unaoshika bodi).

Halafu geji ya presha ya mafuta. Kama injini ni 5A-FE inatakiwa 38 mpaka 44 psi (kipimo cha presha) ukiwa umechomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta, ukizima gari ikaporomoka hapo hapo shuku valvu ya pampu, regyuleta (inayodhibiti presha ya mafuta) au nozeli inayovuja. Ila kama gari inazimika na presha iko vizuri achana na mafuta, kaangalie distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi.

Kazi ya tenki ifanyike nje, betri ichomolewe, sigara mbali. Ukishapima nipe hizo namba mkuu.