Dola 118 Kila Mwezi kwa Bima Isiyo Yangu

Nyumba yangu ya hapa Columbus, Ohio, Marekani, niliinunua Aprili 2019 kwa dola 220,000. Kianzio changu kilikuwa asilimia 5, yaani dola 11,000, na hizo nazo zilinitoa jasho. Kwenye karatasi ya marejesho ya kila mwezi palikuwa na mstari umeandikwa PMI, dola 118. Siku ya kusaini niliuliza, nikaambiwa ni bima ya mkopo. Nikafurahi. Kumbe hata nikiachishwa kazi, au Mungu akinichukua, mama watoto hatatolewa nje!

Miaka mitatu nililala na faraja hiyo, na haikuwa kweli hata kidogo. PMI inamlinda mkopeshaji. Ukishindwa kulipa, nyumba inauzwa, na mauzo yasipofuta deni lote, bima inamfidia yeye hasara yake. Wewe kazi yako ni kulipa ada. Wanaidai kwenye mikopo ya kawaida, ile isiyo na dhamana ya serikali, pale kianzio kinapokuwa chini ya asilimia 20. Na sisi tuliozoea kujenga tofali kwa tofali kila mshahara ukitoka, asilimia 20 taslimu kwa mpigo tutaitoa wapi?

Ajabu ni kwamba sheria ya kuiondoa ipo tangu 1998, na inahusu mikopo ya nyumba unayoishi mwenyewe iliyochukuliwa kuanzia Julai 29, 1999. Shika namba mbili: 80 na 78. Deni likishuka hadi asilimia 80 ya thamani ya mwanzo ya nyumba, una haki ya kuomba kwa maandishi bima ifutwe. Likifika asilimia 78 kwa mujibu wa jedwali la marejesho, na huna deni la nyuma, wanalazimika kuifuta wenyewe hata usipofungua mdomo. Thamani ya mwanzo ni bei uliyonunulia au ile ya mthamini wa wakati huo, iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Tofauti ya 80 na 78 inaonekana kama chenji. Kwa mkopo wangu wa dola 209,000, riba asilimia 4, miaka 30, ni miezi 11. Zidisha kwa 118: karibu dola 1,300 za kungoja tu mtu afanye jambo ambalo barua ya ukurasa mmoja ingelifanya.

Halafu kuna mtego ambao sikuujua. Ukilipa ziada, unaifikia 80 mapema na unaweza kuomba siku hiyohiyo. Lakini ile 78 ya kufutwa yenyewe inafuata jedwali la siku ya kwanza, haitazami ziada yako. Kwa hiyo unaweza kuwa umeshashuka hadi asilimia 70 na bado unakatwa, kwa sababu hujaandika. Ukiingiza fedha za upatu au za marejesho ya kodi ya Machi, eleza bayana kwamba zinapunguza deni lenyewe, la sivyo wanaweza kuzihesabu kama malipo ya mwezi ujao.

Mimi sikutoka kwa njia hiyo. Mwaka 2022 bei za nyumba mtaani kwetu zilikuwa zimepanda sana, jirani akauza kwa bei iliyoniacha mdomo wazi. Nikapiga simu kwenye kampuni inayokusanya marejesho yangu. Kijana aliyepokea akanijibu, "Subiri 78." Nikakata simu nimenyong'onyea. Baadaye nikasoma kwamba mikopo iliyo mikononi mwa Fannie Mae au Freddie Mac, mashirika mawili makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ina mlango wa pili, wa thamani ya sasa. Mkopo ukiwa na umri wa miaka miwili hadi mitano, deni lisizidi asilimia 75 ya thamani ya leo. Ukipita miaka mitano, asilimia 80. Tovuti za mashirika yote mawili zina ukurasa wa kukuonyesha kama mkopo wako uko kwao. Wangu ulikuwepo.

Hapo nikafanya ujuaji. Nikatafuta mthamini wangu mwenyewe, nikamlipa dola 450, nikatuma ripoti nzuri yenye picha. Wakaikataa: mthamini lazima waagize wao, mimi nilipe. Dola 450 zikaenda na maji. Ndugu yangu, kabla hujamlipa mtu yeyote, waulize kwa barua pepe utaratibu wao ni upi, na majibu uyatunze.

Mara ya pili nilifuata mstari. Mthamini wao akaweka dola 274,000, deni langu likiwa kama 196,000. Asilimia 71 na nusu hivi, nikapita. Barua yangu ilikuwa na mistari michache: namba ya mkopo, ombi la kufuta PMI, kwamba sijachelewa malipo kwa siku 30 katika miezi 12 iliyopita wala siku 60 katika ile 12 ya kabla yake, na kwamba nyumba haina mkopo wa pili juu yake. Niliituma kwa posta ya kusainiwa. Wakikuzungusha, ofisi ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, inapokea malalamiko bure mtandaoni.

Wenye mikopo ya FHA, ile yenye dhamana ya serikali, haya hayawahusu, na wengi wetu tumeingilia huko. Bima ya FHA ni nyingine. Kama mkopo ni wa baada ya Juni 2013 na kianzio hakikufika asilimia 10, bima inakaa nawe hadi mkopo uishe. Kikifika 10, ni miaka 11. Kuikwepa ni kuchukua mkopo mpya wa kawaida ulipe ule wa zamani. Dada mmoja wa Kikongo tunayesali naye alishawishiwa afanye hivyo mwaka 2024. Alikuwa na riba ya asilimia 3 ya mwaka 2021, deni kama 178,000, na bima ya dola 130 hivi kwa mwezi. Mkopo mpya ulikuwa wa asilimia 6.5. Tukakaa mezani na kalamu: angeokoa hizo 130 na kuongeza zaidi ya dola 500 za riba kila mwezi, bado gharama za kuchukua huo mkopo mpya. Nikamwambia, "Dada, kaa na bima yako."

Na ukisikia "kwetu PMI bure, mkopeshaji analipa", jua imefichwa ndani ya riba. Hiyo haifutiki kwa barua.

Oktoba 2022 karatasi ilikuja bila ule mstari. Mimi nilitaka dola 118 zote ziende kupunguza deni, mama watoto akaniuliza kama nimemsahau mama. Tukagawana: 60 zinakwenda kwenye nyumba, 58 zinakwenda Tanga.