Sola ya MW 50 inayumbisha volti: anza na kidhibiti kikuu, inveta baadaye

Mkuu, umeuliza kwa nini mtambo wa sola wa MW 50 kwenye laini ya kV 132 unayumbisha volti kila wingu likipita, ilhali inveta zote zimewekewa pawa fakta (uwiano wa MW na pawa yote) 0.95. Hiyo 0.95 iliyogandishwa ndiyo tatizo. MVAr (pawa inayoinua au kushusha volti) zinafuata MW: wingu likikata MW 30, MVAr karibu 10 zinaondoka nazo papo hapo, gridi itake isitake. Kabla Hispania na Ureno hazijaingia gizani tarehe 28 Aprili 2025, mitambo mingi ya jua na upepo ya Hispania iliendeshwa hivyohivyo. Volti ikapanda, na mitambo hiyo haikusaidia kuishusha.

Kazi ya volti kipe kidhibiti kikuu cha mtambo, kipime upande wa kV 132, kifuate drupu, yaani volti ikisogea, MVAr zisogee kinyume chake kwa uwiano. Kwa drupu ya asilimia 4 (volti ikisogea kiasi hicho, MVAr zote hutumika), volti ikishuka asilimia 2, yaani kV 129.4, mtambo unatoa nusu ya MVAr zake 16.4. Ikipanda kiasi hicho, unanyonya nusu.

Ila hizo 16.4 ni za getini, pale mtambo unapoungana na gridi. Transfoma kuu yenye impedansi (ukinzani wa ndani) ya asilimia 12 inakula karibu MVAr 6 mzigo ukijaa, na transfoma ndogo za inveta zinakula kama 3. Inveta zizalishe takriban 25, kwa hiyo pawa yake yote, MW na MVAr pamoja, ifike MVA 57 hivi. Sahani ya inveta (kibao cha uwezo wake) isome kwa joto la nyuzi 45, maana sehemu kama Garissa inveta hujipunguza yenyewe jua likiwaka.

Kabla ya kuwasha drupu, agiza MVAr 2 kwa mkono, utazame mita ya kV 132. Ikisoma hasi 2, CT (transfoma ya kupimia mkondo) imefungwa kinyume. Ukiacha hivyo, kidhibiti kitasukuma hadi kikomo ndani ya sekunde chache. Unapozigeuza nyaya, kwanza zifunge pamoja kwenye bloku ya majaribio. CT iliyoachwa wazi ikiwa na mzigo hutoa volti ya kuua.

Halafu zima udhibiti wa volti wa ndani ya inveta. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ule wa kuhimili hitilafu za gridi bila kuzima uache. Tapu ya transfoma (swichi inayorekebisha volti yake) isubiri sekunde 30 hadi 60, kidhibiti kiwe kimeshatulia.

Frikwensi ni rahisi zaidi: drupu asilimia 5, ukanda tulivu (ambamo mtambo haujibu) wa Hz 0.2 kutoka 50, ikifika 50.5, punguza MW 6. Kupandisha hakuwezekani kama hukubakiza MW za akiba.

Mwisho, chomoa waya wa mawasiliano wa kundi moja la inveta mchana, mtambo ukizalisha. Zinatakiwa kubaki na MW za mwisho na kurudisha MVAr kwenye sifuri taratibu. Zikizima zote kwa mpigo, usikabidhi mtambo.