Swali la msomaji: Kompyuta 20, darasa moja na soketi mbili

Swali

Mheshimiwa Mhariri, salamu kutoka Mikindani. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari hapa Mtwara. Tumepata kompyuta za mezani 20, na mkuu wa shule ametupatia darasa lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7. Darasa hilo lina soketi mbili tu, na meni swichi iko jengo la utawala, umbali wa mita 60 hivi. Wenzangu wanashauri tununue ekstensheni ili masomo yaanze wiki ijayo, kwa kuwa mkondo wa wanafunzi 40 unasubiri. Je, umeme utatosha, na kompyuta zote zitaenea humo?

Mwalimu, Mikindani

Jibu

Mwalimu, hongera kwa kompyuta hizo, lakini nakusihi usianze na ekstensheni, hata kwa wiki moja. Niliwahi kuitwa katika shule moja mkoani Lindi ambako kompyuta 16 na printa kubwa vilitegemea soketi moja, kwa ekstensheni zilizochomekwa moja ndani ya nyingine. Waya uliozidi ulikuwa umeviringishwa vizuri chini ya meza, na nilipoushika ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai. Tulipochomoa plagi, tundu moja la soketi lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake imeanza kulainika, ilhali fyuzi ya ampia 13 iliyopaswa kukatika mapema ilikuwa imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ambayo hupitisha umeme hata fyuzi ikikatika. Watoto walikuwa wakisomea hapo muhula mzima.

Kwa hiyo chukua chaki, uchore meza sakafuni kabla ya kumwita fundi, kwa sababu mahali pa meza ndipo panapoamua mahali pa soketi. Mpe kila mwanafunzi sentimita 90 za upana na meza yenye kina cha sentimita 75. Panga meza kufuata kuta tatu, yaani saba kila upande mrefu na sita ukuta wa nyuma, huku ukiacha mita moja na nusu ya kila ukuta mrefu kuanzia kona ya nyuma ili viti visigongane. Mbele itabaki nafasi ya mlango, nyaya zote zitapita ukutani ndani ya tranki, yaani mfereji wa plastiki wenye kifuniko, badala ya kukanyagwa, nawe ukisimama katikati utaziona skrini zote 20. Wanafunzi 40 wagawe zamu mbili. Najua ratiba itabana, lakini wawili wakikaa kwenye kompyuta moja, anayeshika mausi ndiye anayejifunza na mwenzake hutazama tu.

Sasa umeme. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake ihesabie wati 150, hivyo zote 20 ni wati 3,000, ambazo kwa volti 230 ni ampia 13. Hesabu hiyo huwadanganya wengi wakadhani waya mmoja na breka moja (swichi inayojikata yenyewe) vinatosha. Pawasaplai ya kila kompyuta huvujisha umeme kidogo kwenda kwenye ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini), takriban miliampia moja hadi mbili, na breka ya kuzuia mtu asipigwe na umeme hukata umeme uvujaji ukifikia miliampia 30, pengine hata kabla. Ukiunganisha kompyuta zote kwenye breka moja ya aina hiyo, itakuwa ikikata bila hitilafu yoyote, mpaka siku moja mtu mwenye haraka aiondoe, na hapo ulinzi wa watoto utakuwa umekwisha. Mwambie fundi agawe sakiti nne, yaani njia nne za umeme, za kompyuta tano tano, kila moja na breka yake ya aina hiyo ya ampia 16 na waya wa milimita 2.5 za mraba. Printa ya leza, ambayo inapopasha joto huweza kuvuta wati 1,000, iwe na sakiti yake, na isichomekwe kamwe kwenye UPS (betri ya akiba ya kompyuta).

Joto nalo lihesabiwe. Mtu aliyekaa hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo wanafunzi 20 nawe, pamoja na kompyuta, mtatoa zaidi ya wati 5,000: ni kama kuwasha pasi tano chumbani na kuziacha zikiwaka, tena chini ya bati, msimu wa kaskazi. Kiyoyozi cha BTU 18,000 ndicho kinacholingana na joto hilo, nacho huvuta hadi wati 2,000. Kama fedha haitoshi, anzeni na pangaboi nne na madirisha yaliyo wazi, lakini sakiti ya kiyoyozi iwekwe tangu sasa, kwa maana kupasua ukuta mara ya pili ni gharama.

Ukijumlisha hayo yote na taa na projekta, utafika wati 6,500, karibu ampia 28. Hapa ndipo mita zako 60 zinaponitia wasiwasi kuliko soketi. Waya wa milimita 4 kwa umbali huo utapoteza volti 18 hivi njiani, na kompyuta zitapata 212 hata siku ambayo umeme wa TANESCO umekuja kamili. Wa milimita 10 utapoteza 7 tu. Waya ndio kitu cha bei hapa, na ndio kitu ambacho nisingekubali kipunguzwe. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, apime kwanza kama meni swichi na mita vinaweza kubeba ampia 28 juu ya matumizi yaliyopo, na apime ethi kwa kifaa, si kwa macho.

Kwa matumizi, kompyuta peke yake zikifanya kazi saa nne kwa siku zitakula uniti 12 za LUKU, kwa hiyo mwombe mhasibu aziweke kwenye bajeti mapema.

Mwisho, hewa ya bahari ya Mikindani ina chumvi, na chumvi hula shaba. Kila mwaka fundi afungue soketi na ubao wa breka, asafishe palipoota kijani na kukaza skrubu, kwani kiungo kilicholegea hupata moto hata kikibeba ampia chache.