Bibi yako, Babatha na dinari mbili za mwezi

Pangani, Jumapili baada ya alasiri

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na miwani. Unaandika sura ya pili ya tasnifu yako huko Ujerumani juu ya yule mwanamke wa Kiyahudi wa karne ya pili, Babatha, na unataka mimi, niliyekaa miaka 28 kwenye meza ya karani wa mahakama ya mwanzo, nikwambie: alikuwa akionewa, au alikuwa mpenda kesi tu?

Nitakujibu. Lakini kwanza niambie wewe, zile karatasi alikuwa akimwekea nani?

Hilo ndilo lililoninyima usingizi tangu uliponitumia zile kurasa. Hati 35 zimefungwa pamoja, ziko pangoni juu ya korongo, magharibi ya Bahari ya Chumvi. Yigael Yadin, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Israeli kabla hajageukia kuchimba mambo ya kale, anazikuta mwaka 1961, katika pango lenye funguo za nyumba za watu na mafuvu yaliyopangwa kwenye vikapu. Mwanamke anakimbia vita vya Bar Kokhba, ule uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi, mwaka 132 au baada yake kidogo, Warumi wako nyuma, shamba lake la mitende huko Maoza, kijijini kwake, amelipa mgongo, naye kwapani ana risiti. Mtu habebi risiti kama hana nia ya kurudi. Bibi yako angemwelewa kabla sisi hatujafungua mdomo. "Mali bila daftari huisha bila habari," ndivyo alivyokuwa akisema, nawe unakumbuka alivyokuwa akigonga kifuniko cha bweta kwa pete yake kila akilisema.

Sasa zile dinari mbili, sarafu za fedha za Kirumi. Mumewe wa kwanza anakufa, anaacha mtoto mdogo, jina lake Yesu, kama walivyoitwa wengi siku hizo. Mwaka 124 baraza la mji wa Petra linamwekea yatima walezi wawili wa mali, Myahudi mmoja na Mnabatea mmoja, wa lile kabila la Waarabu wa Petra. Mama mzazi yuko hai, ana akili zake na mashamba yake, lakini fedha za mwanawe zinashikwa na wanaume wawili wanaompa dinari mbili kwa mwezi. Mwaka 125 anawashitaki kwa liwali wa Kirumi. Anasema, nipeni mimi hizo fedha, nitaweka mali yangu rehani, na mtoto atapata mara tatu ya hicho mnachotoa. Chini ya hati kuna mtu aliyemwandikia, kwa sababu hajui kusoma.

Halafu geuza hadi hati ya mwisho, ya Agosti 132. Ni risiti. Amepokea dinari sita za miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe, mama: miaka saba imepita, kesi imekwenda na kurudi, mlezi mmoja kiti chake kimeshikwa na mwanawe, na bado ni dinari mbili! Nilipofika hapo niliiweka simu chini nikaenda kuimwagilia maji mibilimbi, na mibilimbi haikuwa na kiu.

Kwa sababu sisi zilikuwa shilingi ishirini.

Nilikuwa na miaka tisa babu yako alipofariki, na lile shamba la minazi la ng'ambo likashikwa na ami yangu, yule ambaye hatumtaji siku ya Idi. Kila mwisho wa mwezi alileta shilingi ishirini ndani ya bahasha. Mbata ikipanda bei, ishirini. Ikishuka, ishirini. Siku moja alikuja mapema, akanywa kahawa, akamwambia bibi yako, "Shemeji, hebu niazime ile hati ya shamba, kuna mtu wa kunisomea." Bibi yako hajui kusoma, na ami naye herufi zake zilikuwa za kuokota, kwa hiyo ombi lilisikika la haki kabisa. Akafungua bweta. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nikichambua mchele, na mkono wake ulipotoka na ile karatasi nilitaka kusema kitu, nikanyamaza, maana mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa.

Alipokwenda kushitaki, karani alimwuliza, "Hati iko wapi?" Akaeleza. Karani akamwambia, "Bila hati, mama, umeniletea hadithi," akaita jina linalofuata. Tulirudi kwa miguu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nikajua siku ile kiti nitakachokuja kukikalia.

Ndiyo maana ulichonieleza juu ya zile hati za kuandikwa mara mbili kilinifurahisha kama mtoto aliyepewa kashata. Maneno yale yale juu na chini ya karatasi moja. Ya juu yanakunjwa na kufungwa kwa uzi, mashahidi wanatia saini mgongoni, ya chini yanaachwa wazi ya kusomwa. Ukishuku ya chini, unakata uzi wa juu mbele ya hakimu. Watu wenye akili! Hati ya namna hiyo hata ikiazimwa hairudi na neno jipya. (Kurudi ni suala jingine.) Wasomi wenu nao, hawana haraka: Naphtali Lewis alizichapisha za Kigiriki mwaka 1989, za Kiaramu na Kinabatea zikangoja mpaka 2002. Faili likikaa hivyo kwangu ningefukuzwa kazi.

Unaona nimeshachagua upande. Lakini ngoja. Nimekaa na ile ahadi yake nikaipima kama karani. Walezi wanazalisha nusu dinari kwa kila mia kwa mwezi. Kawaida ya Warumi ilikuwa moja kwa mia. Yeye anaahidi moja na nusu. Ingetoka wapi? Kwenye mitende, utasema, naye ni mwenye mitende, kwenye sensa ya mwaka 127 ameandikisha mashamba manne. Sawa. Lakini mwenye kushitaki siku zote huahidi kikubwa, nimewaandikia mamia. Huenda walezi wale walikuwa waoga tu, wakaiweka fedha ya yatima mahali pasipopotea. Na ami, lazima niseme, ndiye aliyelipa karo yangu ya sekondari pale Tanga, miaka minne, bila kukosa muhula. Kwa fedha za nani, hilo sijui nimelijadili na mto wangu mara ngapi.

Msimamizi wako anasema mwanamke huyu alimnyang'anya mke mwenzie. Ni kweli mume wa pili, Yuda, alipokufa, Babatha alishika mashamba yake kwa deni lake na mahari yake, na mwaka 131 yeye na Miriamu, huyo mke mwenzie, wakaitana mbele ya liwali, kila mmoja akidai mali za marehemu. Lakini angalia kilichomo kwenye furushi! Hati ya ndoa ya Shelamzion, binti wa Yuda ambaye Babatha hakumzaa, imo. Hati ya zawadi aliyopewa na baba yake, imo. Na zile dinari 300 ambazo Yuda alizichukua kwa Babatha Februari 128, kama wiki sita kabla ya harusi ya binti huyo, wengine wanadhani zilikuwa za harusi hiyo hiyo. Mimi nadhani hivyo pia. Mpenda kesi hapewi karatasi za mtoto wa mke mwenzie amwekee. Hilo liandike, na msimamizi akibisha mwambie limetoka Pangani.

Kuhusu walezi sitoi hukumu. Naumia kusema hivyo, lakini upande mmoja tu ndio uliotunza karatasi, na mimi nimefundishwa kusikiliza pande mbili.

Jambo moja sijawahi kukwambia. Ami alipokufa, binti yake aliikuta hati yetu ndani ya msahafu wake, imekunjwa vile vile bibi yako alivyoikunja. Ami hakuiuza. Hakuifuta neno. Binti aliileta mwenyewe, akaiweka mkekani, hatukusema kitu wote watatu. Imo ndani ya bweta, uvunguni mwa kitanda changu. Usiniombe niipige picha. Ukija Desemba njoo na kioo kizuri cha kukuzia, maana wino umefifia pale penye idadi ya minazi.

Mama yako