Gereji ya Wasomaji: Breki ngumu na bati linalotembea

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina Corolla DX ya miaka ya 1980 ninayoijenga upya, na nimeifunga injini ya 4A-GE. Busta ya breki, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, iligongana na mabomba ya kuingizia hewa, nikaiondoa na kufunga masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) moja kwa moja kwenye fayawoli, bati linalotenga injini na kabini. Sasa pedeli ni ngumu mno, na mwenzangu akikanyaga naona bati linatembea. Karibu na bolti ufa umeanza. Fundi mmoja ananishauri nifunge masta kubwa zaidi. Nimsikilize?
Msomaji, Kizota, Dodoma

JIBU: Ndugu yetu, usimsikilize, na gari lisitoke gereji kwanza. Ufa wa hapo hurefuka kila unapokanyaga breki.

Masta kubwa itazidisha ugumu. Shinikizo la mafuta ya breki ni nguvu inayosukuma pistoni kugawanya kwa eneo la pistoni yenyewe. Masta ya inchi 7/8 ina eneo la sentimita za mraba 3.88, na ya inchi 1 ina 5.07. Kwa mguu uleule, ya inchi 1 inakupunguzia shinikizo kwa karibu robo.

Ulichopoteza ni msaada wa busta, na mkono wa pedeli ulitengenezwa ukiutegemea. Pima kutoka kwenye pini ya juu ya pedeli hadi katikati ya mahali pa kukanyagia, kisha kutoka kwenye pini hiyohiyo hadi tundu la rodi inayosukuma masta. Gawanya cha kwanza kwa cha pili; jibu ndilo uwiano wa pedeli. Gari lenye busta hutoa 4 hadi 5. Lisilo na busta linataka 6 hivi. Tuseme umepata milimita 280 na 70: hiyo ni 4. Ukitoboa tundu jipya milimita 47 kutoka kwenye pini, unapata 6. Lakini ukilipandisha tundu milimita 23, masta nayo ipande kiasi hichohicho, la sivyo rodi itasukuma kwa mshazari na kuichakaza masta. Mshazari usizidi nyuzi 5 pedeli ikiwa katikati ya safari yake.

Jua pia unacholipa. Safari ya pedeli inarefuka mara moja na nusu: iliyokuwa milimita 80 inakuwa 120. Kwa hiyo usibadilishe uwiano na kushusha ukubwa wa masta siku moja, utajikuta pedeli inafika sakafuni. Anza na uwiano, jaribu, ndipo ufikirie masta ndogo.

Sasa bati. Mguu wenye nguvu ya kilo 45 kwa uwiano wa 6 unaisukuma masta kwa kilo 270 kuelekea injini. Wakati huohuo pini ya juu inalisukuma breketi la pedeli kwa kilo 225 kuelekea kwa dereva. Nguvu mbili zinavutana kinyume, na katikati yake kuna bati la milimita 1 au pungufu. Ndiyo maana linapinda, na ndiyo maana hata masta mpya ya bei kali isingekusaidia.

Ukarabati uende hivi. Ondoa betri, funika vioo na siti kwa blanketi zito lililolowa, kwani cheche zikigusa kioo zinaacha madoa yasiyotoka. Toboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, ndipo uchomelee kwa mashine ya waya, vipande vifupi vifupi, ukiacha bati lipoe. Ndani ya kabini weka sahani ya chuma ya milimita 3, ukubwa wa 200 kwa 250 hivi, kona zake zimeviringwa. Bolti 4 za M8 zenye alama ya 8.8 zishike masta, sahani na breketi la pedeli kwa pamoja, ili nguvu zile mbili zimalizane zenyewe kabla ya kulifikia bati. Mwisho, unganisha kichwa cha breketi na bomba la chuma lililo nyuma ya dashibodi. Tegemeo hili mafundi wengi huliruka, na bila hilo sahani itapinda pamoja na bati lake.

Kabla ya kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, acha uwazi wa milimita 1 hadi 2 kati ya rodi na pistoni. Rodi ikiibana pistoni, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka na kuzikaza breki zenyewe. Hilo usilikute ukiwa kwenye mteremko wa Sekenke. Kisha mtu akanyage kwa nguvu zote huku wewe umeshika rula: tukiona fayawoli inatembea zaidi ya milimita 1, sisi haturuhusu gari litoke.

Maoni yetu ya dhati: kama gari ni la kila siku, tafuta busta nyembamba yenye diaframu mbili uirudishe.

SWALI: Nahamisha Mark II GX100 kutoka otomatiki kwenda manyuo. Naweza kukata pedeli pana ya breki nikapata nafasi ya klachi?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Usiikate. Nunua seti nzima ya pedeli na breketi lake kutoka kwenye bodi kama yako yenye manyuo. Chunguza fayawoli upande wa injini, kwa kuwa Toyota nyingi zina alama au kifuniko mahali pa masta ya klachi. Ning'iniza pedeli kwanza, ndipo utoboe.

Angalia ujazo pia. Masta ya milimita 15.87 ikisafiri milimita 30 inasukuma silinda ya chini (ile ya kwenye giaboksi inayoachia klachi) ya milimita 20.64 kwa karibu milimita 18. Ukifunga silinda ya chini iliyo kubwa zaidi, safari inapungua, klachi haiachii yote na gia zinakwaruza.

SWALI: Land Rover yangu ina injini ya dizeli ya Toyota. Naingiziwa vumbi, moshi na joto miguuni. Nimeziba matundu kwa foronya na sponji.
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Vitoe leo, vinashika moto. Moshi nao una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu. Matundu usiyotumia yafunge kwa kipande cha chuma. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, haifai kuzuia moto. Kila waya upite kwenye mpira wake, kwani ukingo wa bati hukata ganda na kuleta shoti. Viungo vipake silanti ya bodi, si ile ya bafuni. Bomba la moshi liwe angalau milimita 50 kutoka kwenye bati, na ngao ya chuma katikati. Kisha hakikisha altaneta yako ina pampu ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaoendesha busta: dizeli haitengenezi vakyumu kama petroli, na bila pampu busta haikusaidii kitu.